Pumziko Chini ya Mlima Meru

Safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600. Tukiondoka alfajiri, mpaka tunaipita Moshi miguu imevimba, na wanakwaya waliokuwa wakiimba tangu Chalinze wamekwisha kunyamaza. Ndiyo maana tumezoea kumwomba dereva asimame kidogo Usa River. Tunashuka, tunajinyoosha, tunanunua ndizi na chai. Kisha mmoja wetu husema, "Leo mlima umefunguka," na sote tunageuka kutazama.

Mlima Meru una urefu wa mita 4,566. Upande wake wa mashariki ulibomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukaacha uwazi mkubwa kama kovu. Chini yake ni migomba, kahawa na mifereji ya maji. Hatuoni haya kupumzika mbele ya mandhari hiyo. Bwana wetu mwenyewe aliwaita wanafunzi wake waende kando wapumzike (Marko 6:31).

Lakini pale tunapokunywa chai pana habari ambayo wengi wetu tunaijua nusu. Mbele kidogo, kabla ya kufika Tengeru, upande wa mlimani, kuna Akeri. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika hapo kutoka Kilimanjaro, ambako misheni yao ilikuwa imeanza mwaka 1893. Walitaka kuanzisha kazi ya Injili kwa Wameru. Usiku wa kuamkia tarehe 20 walishambuliwa kambini mwao wakauawa, pamoja na Wachaga kadhaa waliofuatana nao. Makaburi ya wamisionari hao yapo Akeri mpaka leo.

Kwa kawaida tunapowafundisha watoto wa Kipaimara tunaishia hapo, kisha tunaruka hadi mwaka 1902, misheni ilipoanza Nkoaranga, na 1904 ilipoanza Ilboru. Tunasema: damu ya mashahidi ikawa mbegu. Ni kweli, nasi tunamshukuru Mungu. Ila kati ya 1896 na 1902 kuna miaka sita, na miaka hiyo haikuwa mitupu. Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa ngome ya Wajerumani ya Moshi, alikuja na majeshi kulipiza kisasi. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, migomba ilikatwa, ng'ombe walichukuliwa. Walioshindwa wakalazimishwa kujenga Boma la Arusha, lile ambalo leo ni makumbusho katikati ya jiji.

Basi tujiulize kwa upole: Mmeru wa wakati ule angewezaje kumtofautisha Mzungu mwenye Biblia na Mzungu mwenye bunduki? Habari za vita vya Moshi vya mwaka 1892 na 1893 zilikuwa zimekwisha kuvuka mbuga. Kusema hivi si kuhalalisha mauaji. Ovir na Segebrock hawakumdhulumu mtu hapo. Lakini waliokufa katika kisasi nao walikuwa watu wa Mungu, na wale Wachaga waliolala kambi moja na wamisionari walikufa kifo kilekile. Ni mara ngapi tumewataja katika sala zetu?

Pale pale Usa River kuna barabara ya kulia inayozunguka mlima kwenda Ngare Nanyuki. Huko, Novemba 1951, serikali ya Mwingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, mwana wa Meru, alikwenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule, lakini dunia ilisikia.

Waisraeli walipovuka Yordani, Yoshua aliagiza mawe kumi na mawili yasimamishwe, ili watoto wakiuliza maana yake wazazi wawe na jibu (Yoshua 4). Sisi mawe yetu tunayo: makaburi ya Akeri, kuta za Boma, mlima wenyewe. Hatari yetu ni mtoto kuuliza nasi tukampa nusu ya jibu. Kanisa linalokumbuka machozi yake peke yake halijatubu. Na kumbe Injili iliwafikia Wameru pamoja na majeraha yao, wakaipokea, wakaijengea makanisa na shule mlimani kote. Hiyo ni neema kubwa kuliko ile tunayoisimulia kwa haraka.

Basi safari ijayo dereva akisimama, tupumzike kweli. Tunywe chai, tupige picha mlima ukiwa wazi. Kisha, kabla ya kupanda gari, mzee mmoja awasimulie vijana habari yote, nasi tuombe pamoja: kwa ajili ya waliokuja, kwa ajili ya waliowakuta, na kwa ajili yetu tulio watoto wa wote wawili.