Mtu Si Rehani

Mjomba tulimzika siku ya kumi na tisa. Si kwamba tulikuwa tunangoja watu wa ng'ambo. Hospitali ilikataa kutoa mwili hadi bili iishe. Kila jioni mweka hazina alituma orodha kwa gurupu la WhatsApp: huyu mia mbili, yule elfu moja. Kila asubuhi mochari nayo iliongeza ada ya siku. Nyanya aliuliza swali moja tu: "Kwani mtoto wangu wamemweka rehani?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi niliacha chuo kwa kukosa karo, kwa hivyo mambo ya deni nayajua kidogo. Nikaanza kusoma.

Kumbe haikuwa hivi tangu zamani. Mwaka 1965, uhuru ukiwa bado mbichi, serikali iliondoa ada kwa wagonjwa wasiolazwa katika hospitali za umma. Umaskini, ujinga na maradhi ndio waliokuwa maadui wa taifa. Halafu miaka ya themanini hazina ikakauka, Benki ya Dunia na IMF wakaja na masharti yao, na Desemba 1989 mgonjwa akaambiwa achangie gharama. Watu waliacha kwenda hospitali kwa wingi, hadi Septemba 1990 ada ya wasiolazwa ikasimamishwa. Ikarudi polepole kuanzia 1992.

Sasa, ukishamuuzia mtu matibabu, lazima ujiulize: na asipolipa je? Hospitali nyingi zilijibu kwa kufuli.

Mwaka 2010, mwaka uleule tuliopata Katiba mpya, wanawake wawili walizuiliwa katika Hospitali ya Pumwani, Nairobi, baada ya kujifungua. Bili ya mmoja wao ilikuwa shilingi 3,600. Walienda kortini, na Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kuwazuilia kulikiuka Katiba, pamoja na Kifungu cha 28 kinacholinda heshima ya kila mtu. Mmoja alipewa fidia ya shilingi milioni 1.5, mwingine 500,000. Kuhusu maiti, Mahakama Kuu ya Mombasa ilikuwa imeshasema mwaka 1998 kwamba mwili wa marehemu hauwezi kushikwa kama dhamana ya deni.

Hata hivyo, tusiseme hospitali hazina hoja. Glavu zinanunuliwa, oksijeni inanunuliwa, nesi ana watoto wa kulisha. Wote tukiondoka bila kulipa, wodi itafungwa na atakayeumia ni maskini yuleyule. Deni ni deni. Lakini duka la vitanda likikudai linakupeleka kortini au mnakubaliana ulipe pole pole. Halimfungii mama yako stoo. Na kama taifa liliamua mwaka 1989 kumtwika mgonjwa mzigo huu, taifa hilohilo linaweza kuamua kuubeba. Liliwahi.

Hukumu zipo. Kufuli nazo zipo, kwa sababu familia iliyofiwa haina nguvu za kutafuta wakili. Inachanga, inalipa, inazika.

Siku tuliyomaliza deni, mlinzi aliomba risiti kabla ya kufungua geti. Aliisoma taratibu, akapiga muhuri nyuma yake, kama wanavyofanya supamaketi. Nyanya alikuwa ameketi mbele kwenye gari, akimwangalia.