Baiskeli Isiyo na Gia: Mlima, Usiku na Taa

Katika Kiswahili, mtu akisema "baiskeli" bila kuongeza neno, msikilizaji huona akilini mwake chombo kizito, aghalabu cheusi, chenye gurudumu moja la meno mbele na moja dogo nyuma, na mnyororo kati yao. Akitaka kutaja chombo chenye magurudumu mengi ya meno hana budi kuongeza neno, aseme "baiskeli ya gia". Wazungu na Wamarekani wa siku hizi hufanya kinyume. Kwao ile yenye gia nyingi ndiyo baiskeli, na ile yenye mwendo mmoja ndiyo iliyotafutiwa jina la peke yake. Tena wako miongoni mwao watu waipendao hiyo ya mwendo mmoja, ambao hufunga taa kali kwenye usukani na kwenye kofia, wakaenda kupanda milima yenye misitu saa sita za usiku, wala hakuna aliyewatuma.

Mwalimu aelezaye neno "gia" darasani aweza kulipita jambo hili kama kichekesho. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa lina historia ndefu, na kwamba katika historia hiyo kuna swali ambalo halijibiwi kwa namna moja kila mahali: ni nani aliyechagua gia moja?

Kwanza tueleze chombo chenyewe. Tuchukue gurudumu la meno la mbele lenye meno 32 na la nyuma lenye meno 16. Pedali zikizunguka mara moja, tairi la nyuma huzunguka mara mbili, na baiskeli ya magurudumu ya inchi 26 husogea kiasi cha mita 4. Husogea hivyo hivyo tambarare, mwinukoni na mteremkoni. Mwenye gia nyingi akifika mlimani hupunguza masafa hayo, miguu ikazunguka upesi na chombo kikaenda polepole. Mwenye gia moja ana njia mbili tu: asimame juu ya pedali na kuzikandamiza kwa uzito wa mwili wake wote, au ashuke asukume. Atakayeamua kusimama hana budi kuamua mapema, kwa maana akishapoteza mwendo hawezi kuupata tena.

Ufaransa ndiyo nchi ambamo jambo hili liligombaniwa zaidi. Katika mji wa Saint-Étienne aliishi Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853 na kufa mwaka 1930, mwenye duka la baiskeli na mhariri wa gazeti la waendeshaji, ambaye wasomaji wake walimjua kwa jina la Vélocio. Juu ya mji huo kuna njia ya mlimani iitwayo Col de la République, yenye kimo cha mita 1,161. De Vivie alikuwa mtu wa safari ndefu, na mara nyingi alisafiri usiku kucha. Milima ya kwao ikamfundisha kwamba mwili wa binadamu hauwezi kutumia mwendo mmoja kila mahali. Alianza na magurudumu mawili ya meno mbele, mnyororo ukihamishwa kwa mkono, kisha akatumia maisha yake kuwahimiza mafundi watengeneze gia zilizo bora kuliko hizo.

Mpinzani wa fikra hiyo alikuwa Henri Desgrange. Mwaka 1893 mtu huyu aliendesha mita 35,325 kwa saa moja, na baadaye, akiwa mhariri wa gazeti la L'Auto, alisimamia mashindano ya kuzunguka Ufaransa yaliyoanza mwaka 1903. Desgrange alishikilia kwamba gia ni za watu waliopita umri wa miaka 45, na kwamba kushinda kwa nguvu za misuli ni bora kuliko kushinda kwa hila ya chombo. Angekuwa msomaji wa kawaida, maneno hayo yangebaki maoni tu. Lakini yeye ndiye aliyetunga kanuni.

Mashindano ya kwanza yalikuwa na hatua sita, jumla ya kilomita 2,428. Tarehe 1 Julai 1903, saa tisa na dakika 16 alasiri, wanaume 60 waliondoka karibu na Paris kuelekea Lyon, mwendo wa kilomita 467. Waliendesha alasiri, jioni, usiku wote, na wa kwanza wao, Maurice Garin, akafika kiasi cha saa tatu asubuhi. Katika hatua iliyofuata walipanda Col de la République, mlima wa de Vivie mwenyewe, kila mmoja kwa gia moja. Kati ya hao 60, waliomaliza mashindano yote ni 21.

Mwaka uliofuata usiku ulionyesha sura yake nyingine. Katika mlima huo huo, mnamo Julai 1904, kundi la watu waliompenda mshindani wa kwao, Fauré, lilivizia gizani. Fauré alipokwisha kupita, waliwashambulia waliomfuata. Garin aliumizwa, na Mwitalia Gerbi alipigwa hata akashindwa kuendelea. Wasimamizi wakafyatua bastola kulitawanya kundi. Mwishoni mwa mwaka washindi wanne wa kwanza, Garin akiwamo, walinyang'anywa ushindi kwa sababu ya udanganyifu, na taji likaenda kwa Henri Cornet, kijana ambaye alikuwa hajatimiza miaka 20 aliposhinda. Kwa hiyo mwaka 1905 hatua zilifupishwa ili mbio za usiku ziepukwe. Twaona hapa jambo ambalo wasifuo usiku wa mlimani mara nyingi hulisahau: giza humficha mwenye nia mbaya kama limfichavyo msafiri.

Usiku ulirudi kwa njia ya milima mirefu. Mwaka 1910 Desgrange alishauriwa kuipeleka michezo yake katika milima ya Pyrénées, akamtuma msaidizi wake, Adolphe Steinès, aikague njia ya Tourmalet yenye kimo cha zaidi ya mita 2,100. Gari la Steinès lilikwama katika theluji. Akashuka, akaendelea kwa miguu gizani, akapotea, na kabla ya mapambazuko akapatikana upande wa pili akiwa hoi. Ndipo alipompelekea bwana wake simu ya maandishi kwamba njia ni nzuri sana na yapitika! Tarehe 21 Julai mwaka huo, saa tisa na nusu usiku, washindani waliondoka Luchon kwenda Bayonne, kilomita 326, wakiwa na milima minne mikubwa mbele yao. Octave Lapize aliishinda hatua hiyo, lakini sehemu nyingine za mwinuko alizipita akiisukuma baiskeli yake. Alipowaona wasimamizi njiani aliwaambia kwamba wao ni wauaji. Saa zake zilikuwa zaidi ya 14.

Yafaa kueleza kuwa hawakukosa ujuzi. Walijua kwamba gia zipo. Watalii wenye umri wa babu zao walizitumia kuipanda milima hiyo hiyo. Waliloruhusiwa ni kuwa na meno ya aina moja upande huu wa gurudumu la nyuma na ya aina nyingine upande wa pili. Mtu alifika chini ya mlima, akashuka, akalegeza nati, akalichomoa gurudumu, akaligeuza, akaendelea. Mvua ya mlimani ikimkuta, vidole vilivyokufa ganzi havikuweza kulegeza chochote. Kadhalika kanuni ilikataza msaada. Mwaka 1913 Eugène Christophe alivunjikiwa uma wa mbele akishuka Tourmalet. Akaibeba baiskeli zaidi ya kilomita 10 mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akafua chuma kwa mikono yake katika karakana ya mhunzi, wasimamizi wakimtazama. Akaadhibiwa bado, kwa kuwa mtoto mmoja alimvutia mivukuto. Katazo la gia lilidumu hadi mwaka 1937, na mwaka huo huo Roger Lapébie akawa wa kwanza kuyashinda mashindano hayo kwa baiskeli yenye kubadili gia. Kwa kadiri nionavyo, katazo hilo halikumfanya mtu yeyote kuwa hodari zaidi. Lilimpendeza aliyekaa garini.

Sasa tutazame taa, maana bila taa hakuna safari ya usiku. Taa za kwanza za baiskeli zilikuwa za mafuta na utambi. Mwaka 1892 Thomas Willson, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aligundua njia ya kutengeneza kalsiamu kabaidi kwa wingi, na miaka michache baadaye taa za gesi zikaenea. Maji hudondoka tone kwa tone juu ya vipande vya mawe hayo, gesi hutoka, na moto wake ni mweupe na mkali. Harufu yake ni mbaya, na kila safari lazima chombo kisafishwe majivu yake. Baada yake ikaja dainamo, ile chupa ndogo inayozungushwa na ubavu wa tairi, ambayo walimu wengi wa umri wangu waliijua walipokuwa wanafunzi. Dainamo haihitaji mafuta wala betri, lakini ina ila moja inayoumiza hasa mlimani: mwanga wake hutegemea mwendo. Mwenye gia moja akipanda polepole, amesimama juu ya pedali, taa hufifia ikawa kama kijinga cha moto, na akisimama huzimika kabisa. Mahali anapohitaji kuliona jiwe kabla ya kulikanyaga ndipo asipoonyeshwa.

Kwa sababu hiyo mchezo wa kuendesha usiku porini ulingoja betri. Lakini kabla ya hapo ilibidi baiskeli ya mlimani yenyewe izaliwe, nayo ilizaliwa California, karibu na mlima Tamalpais. Vijana wa huko waliokota baiskeli za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, vyuma vizito vyenye matairi manene na gia moja, ambazo breki yake ni kukanyaga pedali kwa nyuma. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza kushindana katika mteremko mmoja karibu na mji wa Fairfax, wenye urefu wa kilomita tatu na zaidi kidogo. Breki zilipata moto hata grisi ikateketea na kutoka moshi, ikabidi kitovu cha gurudumu kijazwe grisi upya kila baada ya mbio. Mteremko ukapata jina lake kwa kazi hiyo ya kujaza upya. Vijana hao hawakuipenda gia moja. Waliitumia kwa kuwa ndiyo iliyopatikana jalalani, na mara walipoweza wakaongeza gia ili wapande badala ya kubebwa na gari. Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza fremu mpya kwa ajili ya mchezo huo, na Tom Ritchey naye akawa miongoni mwa mafundi wake wakubwa. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walifungua biashara ya kuuza baiskeli za mlimani.

Mwaka 1992, katika milima ya West Virginia, yalianzishwa mashindano ya saa 24 yaitwayo 24 Hours of Canaan. Timu ya watu wanne ilipokezana mzunguko mmoja mchana na usiku, katika mizizi, matope na mawe. Taa za halojeni zilizotumika zilihitaji betri nzito, nazo zilidumu saa chache tu, hivyo mshindani alihesabu mwanga wake kama msafiri wa jangwani ahesabuvyo maji. Uvumbuzi wa diodi ya mwanga wa buluu, uliowapa Wajapani Akasaki na Amano pamoja na Nakamura, mzaliwa wa Japani, Tuzo ya Nobel ya mwaka 2014, ndio uliowezesha taa nyeupe ndogo za leo, ambazo hazififii mwendo ukipungua. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1990 baadhi ya waendeshaji, wakichoshwa na mitambo iliyojaa matope, waling'oa gia zao. Wakaanzisha hata mashindano yao ya dunia, ambayo mshindi hapewi kikombe bali huchanjwa chale ya rangi mwilini. Ni watu wa mzaha, lakini hoja yao ina uzito: kisichokuwapo hakivunjiki, na gizani sikio husikia njia tu.

Hawa walichagua. Lapize hakuchagua. Na katika nchi zetu?

Barabara itokayo Bugarama, penye kimo cha zaidi ya mita 2,000, hushuka kama kilomita 35 mpaka Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika. Kwa miaka mingi wanaume wa Burundi wamekuwa wakishuka humo na mikungu ya ndizi iliyofungwa nyuma hata mpandaji haonekani, kwa baiskeli ya gia moja ya kutoka India au China. Hakuna anayeupanda mlima huo kwa pedali akirudi. Hushika lori kwa mkono mmoja, wakavutwa, na wako walioumia na waliokufa. Machi 2022 serikali ilikataza baiskeli katika sehemu za kati za Bujumbura. Kadhalika vijana wa mpakani Busia, walioanza kuvusha abiria kwa baiskeli na kutuachia neno "bodaboda", walikuwa na gia moja kwa sababu iliuzwa kwa bei waliyoimudu na kila fundi chini ya mti aliijua. Usiku wengi hufunga tochi kwenye usukani kwa ukanda wa mpira wa ndani uliochakaa.

Mwaka 2005 yule Tom Ritchey wa California alifika Rwanda. Akaona wakulima wakibeba mizigo kwa baiskeli zao nzito na kwa zile za mbao, zisizo na mnyororo wala pedali, akashiriki kuanzisha mashindano yaliyofanyika mwaka 2006 ambamo hata za mbao zilishindanishwa. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, na mabingwa wakaupanda mwinuko wa mawe wa Kimihurura kwa vyombo vyenye gia ishirini na zaidi. Mnyarwanda huita chombo hicho igare, Mrundi ikinga. Sisi, kwa zile walizokuja nazo mabingwa hao, bado twasema baiskeli za gia.