Jinsi ya Kujenga Treki ya Mbio za Ndinga za Mbao Hapa Thika: Vipimo, Geti na Taima Isiyojua Mtoto wa Nani

Kama umelelewa Makongeni, Kiandutu ama huko chini Ruiru, ndinga yako ya kwanza pengine ilikuwa ya waya, na tairi za slipaz zilizokatwa. Na unakumbuka vile mbio zilikuwa zinaisha. "Mimi ndio nimefika wa kwanza!" "Wacha uongo!" Halafu mkubwa wa ploti anaamua, na ushindi unaenda kwa beshte yake. Mtoi aliyeonewa anabeba ndinga yake anaenda home, na Jumamosi ifuatayo hatokei.

Kuna mchezo ulishamaliza hiyo kesi kitambo. Unaitwa Pinewood Derby. Ulianza Mei 1953 huko Manhattan Beach, California. Don Murphy alikuwa anaongoza kikundi cha maskauti wadogo, na kijana wake alikuwa hajafikisha umri wa kuingia mbio za magari ya mbao ya kupanda. Buda akapunguza kila kitu: gari la kutoshea mkononi, halina injini, linashuka mteremko kwa uzito wake tu. Hata kwa mbio za kwanza kabisa, mwisho haukuachiwa macho ya watu. Waliunda mstari wa mwisho wa betri kwa vifaa vya kengele ya mlango, na taa zikaonyesha nani ameshinda.

Thika ni mahali pa sawa pa kufanya hii kitu. Huu ni mji unaounda magari ya ukweli tangu wakati Kenya Vehicle Manufacturers ilikuwa bado inaitwa Leyland Kenya. Mafundi wa mbao wapo, wa kuchomelea wapo, na godauni haikosi. Na kama uko na kikundi cha maskauti, kumbuka mwanzilishi wa uskauti, Baden-Powell, amezikwa hapo tu mbele, Nyeri, tangu 1941. Sasa shika hii yote mos mos.

Ndinga kwanza, juu treki inafuata ndinga

Kipande cha mbao ni inchi 7 kwa urefu, kama sentimita 18. Uzito hauzidi gramu 142. Upana na tairi zake zote usizidi sentimita 7. Kati ya tairi za kushoto na za kulia acha nafasi ya milimita 44, na chini ya tumbo la gari milimita 9 hadi 10. Hizo nafasi mbili ndizo zinaifanya ikae juu ya reli bila kukwaruza. Misumari ndio ekseli. Ukitaka tairi iteleze fiti, saga risasi ya penseli uweke huo unga kwa msumari. Mafuta ya kupikia wacha, yanashika vumbi.

Tumia mizani moja kwa kila mtu, hata kama ni ile ya jikoni. Mizani ikikosea, inakosea kila mtu sawa.

Mbao za treki

Treki ya kawaida ni futi 32. Sasa angalia hii bahati: plaiwudi inauzwa futi 8 kwa 4, kwa hivyo vipande vinne vikiungwa kwa urefu vinatoa futi 32 kamili, karibu mita 9.76.

Nunua plaiwudi mbili za milimita 12. Mwambie fundi akate kila moja kwa urefu, vipande vitatu vya sentimita 40. Utapata sita. Vinne ni vya mbio, cha tano ni cha kusimamishia magari baada ya mstari wa mwisho, cha sita unatoa nguzo na kibanda cha kuanzia. Upana wa sentimita 40 unakupa leni nne za sentimita 10.

Reli ya katikati ya kila leni ni milimita 41 kwa upana na 6 kwa kimo. Shiti moja ya MDF ya milimita 6 inatosha reli zote: unahitaji vipande 20, na shiti inatoa zaidi ya hapo. Gundisha kwanza, halafu skrubu kutoka chini ndio kichwa cha skrubu kisitokee juu.

Mteremko

Hapa ndipo wasee wengi huharibu. Usiweke kona kali mahali mteremko unakutana na sakafu. Gari itaruka na kutoka reli.

Kipande cha kwanza kinyooke, kianze mita 1.2 juu na kiishie sentimita 40. Cha pili kipinde polepole hadi chini. Plaiwudi ya milimita 12 inakubali huo mpindo bila kupasuka. Weka nguzo kila sentimita 61: ya kwanza kimo cha sentimita 40, halafu 23, halafu 10, halafu 2.5, kisha sifuri. Cha tatu na cha nne vilale flati kabisa. Kama sakafu yako haiko sawa, inua treki yote kwa kimo kimoja na urekebishe na vibao vidogo ukitumia pima maji, kwa urefu na kwa upana. Treki ikiinama upande, magari yote yatasukumwa reli moja na leni za huko zitalia.

Maungio ni adui namba mbili. Weka kibao chini ya kila ungio, funga na bolti mbili, pitisha kidole juu. Kama kuna ngazi, hata ya nusu milimita, iwe ya kushuka kwa mwendo wa gari, isiwe ya kupanda. Piga msasa, paka vanishi, piga msasa tena.

Kipande cha mwisho weka kitambaa kizito ama sponji ya godoro. Gari inafika kama mita 4 kwa sekunde. Ukuta wa mawe utaivunja.

Geti

Misumari minne minene ama vijiti vya milimita 6, vyote kwa mhimili mmoja. Si minne tofauti. Mhimili ukizunguka, vijiti vyote vinaanguka pamoja. Vianguke mbele na chini, haraka kuliko gari inavyoanza kusonga, ndio pua isigongwe. Blada ya tairi ya baiskeli inavuta vizuri kuliko mkono wa binadamu. Mkono wako ufungue kufuli tu, blada ifanye kazi.

Kwa nini macho hayatoshi

Piga hesabu. Gari iko mita 4 kwa sekunde. Kwa milisekunde moja inatembea milimita 4. Binadamu akiona kitu hadi abonyeze stopwochi ya simu, inachukua kama sekunde 0.2. Hapo gari imeshatembea sentimita 80! Urefu wa magari manne na zaidi. Kwa hivyo wazazi wanne wenye stopwochi nne hawapimi magari. Wanapima vidole vyao.

Taima

Unahitaji bodi moja ya Arduino Uno, fototransista nne, resista nne za kilo-omu 10, swichi ndogo moja na taa. Ukikosa Thika, panda mathree hadi tao, Luthuli Avenue hukosi.

Toboa shimo katikati ya reli kwa kila leni, kwenye mstari wa mwisho. Fototransista ikae ndani ya shimo, kama sentimita moja chini ya uso, ndio isipate mwanga wa pembeni. Mguu mmoja unaenda graundi, mwingine kwa pini ya Arduino, na resista inatoka hiyo pini hadi volti 5. Mwanga ukiwaka, pini iko chini. Gari ikipita na kuziba mwanga, pini inapanda, na saa ya hiyo leni inasimama.

Taa weka juu, kwa daraja la sentimita 30, kila taa wima kabisa juu ya shimo lake. Taa ikiinama, gari yenye pua ya juu inaziba mwanga mapema ama kuchelewa kuliko yenye pua ya chini. Hapo umeshaiba bila kujua.

Swichi ndogo ifunge kwa mhimili wa geti. Geti ikianguka, saa inaanza. Kwa programu tumia micros(), ambayo kwa Uno inahesabu kwa hatua za sehemu 4 za milioni ya sekunde moja. Usiweke delay() mahali popote wakati gari iko njiani, juu bodi inalala na mshindi anapita.

Makosa matatu ya kukwepa:

LDR. Ni bei rahisi lakini inachukua milisekunde nyingi kushtuka. Kwa mbio za milisekunde, hiyo ni konokono.

Taa za stima. Stima yetu ni hezi 50, kwa hivyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, sensa inaona. Tumia LED za betri. Na kama godauni ina mabati yenye matundu, funika mstari wa mwisho. Jua likiingia shimoni, gari inapita na taima haishtuki.

Pawabanki. Nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo, na Arduino inakula kidogo sana. Betri ya volti 12 ni salama zaidi, na stima ikipotea mbio zinaendelea.

Jaribu kabla watoi wafike

Chukua gari moja. Ikimbize mara tano kwa kila leni, andika wastani. Leni moja ikiwa nyuma, usilaumu gari. Pitisha ubao mrefu ulionyooka juu ya mashimo yote manne kwa pamoja. Kama taima inaonyesha leni nne karibu sawa, basi shida ni mbao: rudi na msasa. Kama hazilingani, shida ni sensa ama taa.

Ratiba ya haki

Hata treki nzuri haina leni nne sawa kabisa. Dawa ni kila gari kukimbia mara moja kwa kila leni, halafu unajumlisha saa zote nne. Wa saa ndogo ameshinda.

Mkiwa magari 13, kuna mpango mtamu sana. Mbio ya kwanza: gari 1, 2, 4 na 10, kwa leni ya kwanza hadi ya nne. Mbio inayofuata ongeza moja kwa kila namba: 2, 3, 5 na 11. Endelea hivyo, na ukipita 13 rudi 1. Baada ya mbio 13, kila gari imepita leni zote nne, na kila gari imekutana na kila nyingine mara moja, si mbili, si sifuri. Chukua karatasi uhakikishe.

Bandika hiyo ratiba ukutani kabla ya kuanza, na usome saa kwa sauti kila mbio ikiisha. Mtoi wa Kiandutu aliyekuja na tairi za vifuniko atapoteza siku zingine, hiyo ni kawaida. Lakini akijua amepoteza kwa sekunde 0.012, ataenda home kusugua misumari, na Jumamosi ifuatayo atarudi.