Nani Huandika Kwanza: Polisi, Vifo na Ushahidi Katika Historia ya Kenya

Tarehe 4 Machi 1959 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa taarifa kwamba wafungwa wa kambi ya Hola, kando ya Mto Tana, walikuwa wamekufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji la kambi. Siku moja kabla ya taarifa hiyo, wanaume 85 waliokuwa wamekataa kazi za kulazimishwa walitolewa nje, wakaamriwa kulima, na walipokataa tena askari wa magereza wakawashukia kwa marungu. Watu 11 walikufa. Hakimu Goudie wa Mombasa alipofanya uchunguzi wa vifo hivyo, maiti zenyewe zilitoa ushahidi: majeraha na damu iliyovujia ndani kutokana na kipigo. Hadithi ya maji ikaishia hapo. Julai mwaka huo Bunge la Uingereza lilijadili jambo hilo hadi usiku wa manane, lakini hakuna mtu aliyeshtakiwa kwa vifo vya Hola.

Waliopiga pale walikuwa askari wa magereza, si polisi, lakini Hola yaonyesha waziwazi kitu ambacho Wakenya wamepambana nacho kwa zaidi ya karne moja. Mtu akifia mikononi mwa dola, wa kwanza kushika kalamu ni yule yule aliyemshika. Ndiye anayejaza kitabu cha matukio, ndiye anayepiga simu mochari, ndiye anayewaambia waandishi wa habari kilichotokea. Tume, mamlaka na sheria nyingi tulizopata zinaweza kusomwa kama majaribio ya kumwondolea kalamu hiyo. Baadhi yalifaulu kidogo. Mengi yalizimwa kabla ya kufika mbali.

Polisi wa Kenya hawakuzaliwa kutokana na haja ya wenyeji kulindwa. Chanzo chao ni askari wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888, ambao kazi yao Mombasa ilikuwa kulinda maghala na misafara ya biashara. Ujenzi wa reli ulipoanza mwaka 1896 walihitajika wengine wa kulinda mataruma, vifaa na vituo njia nzima hadi Ziwa Viktoria. Sheria walizotumia zililetwa kutoka India, pamoja na maofisa wengi wa ngazi za kati. Mpangilio wenyewe ulifuata ule wa polisi wa Ireland: askari mwenye bunduki, anayekaa kambini mbali na watu, anayehamishwa mara kwa mara asije akazoeana na wenyeji. Hadi leo nyumba za polisi huitwa laini, na mtoto aliyekulia humo husema amekulia laini. Jeshi la polisi la Afrika Mashariki ya Kiingereza lilipewa sheria yake mwaka 1906, na mwaka 1920, nchi ilipotangazwa koloni, likaitwa Polisi wa Kenya.

Wakati huo huo kipande kilianza kutumika. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanamume mzima alitembea na cheti chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni, na polisi aliweza kumsimamisha popote na kukidai. Wazee wengi walimjua polisi kwanza kama mtu wa kudai karatasi, na uhusiano ulioanza hivyo ulikuwa mgumu kurekebisha hata baada ya uhuru.

Mwanaharakati Harry Thuku alikamatwa Machi 1922 kwa sababu ya kuupinga mfumo huo, pamoja na kodi na kazi za kulazimishwa za wanawake. Alizuiliwa katika laini za polisi za Nairobi, katika eneo ambalo leo kuna Kituo Kikuu cha Polisi, karibu na barabara iliyopewa jina lake. Tarehe 16 Machi umati ulikusanyika nje ukidai aachiliwe. Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyekuwa katika umati huo, aliwaaibisha wanaume waliokuwa wakisitasita, umati ukasogea mbele, na polisi wakafyatua risasi. Wanahistoria wengi wanaeleza pia kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk walijiunga na ufyatuaji huo. Hesabu ya serikali ilikuwa ya watu 20 hivi waliouawa. Waliokuwepo walitaja idadi kubwa kuliko hiyo. Karne moja baadaye bado hatuna orodha ya majina ambayo kila upande unaikubali, maana aliyehesabu ndiye aliyepiga.

Katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya uasi wa Mau Mau, kuna tukio moja ambalo sielewi kwa nini halifundishwi zaidi. Mwaka 1954 Kanali Arthur Young, kamishna wa polisi wa Jiji la London, aliletwa Kenya aongoze polisi. Alitaka jambo la kawaida kwa polisi yeyote: wapelelezi wake wachunguze mauaji hata pale mshukiwa ni homgadi, wale wenyeji waliopewa silaha na serikali kupambana na Mau Mau. Alitaka pia polisi wasiwe chini ya amri ya maofisa wa utawala wa wilaya, ambao mara nyingi ndio waliowalinda homgadi. Alipogundua kwamba Gavana Evelyn Baring hakuwa tayari kumruhusu, alijiuzulu kabla ya mwaka kwisha. Barua yake ya kujiuzulu haikutolewa hadharani. Wiki chache baadaye, Januari 1955, Baring alitangaza msamaha kwa makosa yaliyokwisha kufanywa, na msamaha huo uliwahusu homgadi pia. Mafaili yaliyokuwa mikononi mwa wapelelezi yalikosa kazi kwa tangazo moja. Katika kipindi hicho hicho mahakama za Hali ya Hatari ziliwatia kitanzi Waafrika zaidi ya 1,000.

Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London wakidai fidia kwa mateso waliyopata, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa ilikuwa na mafaili takriban 1,500 ya Kenya yaliyosafirishwa kabla ya uhuru na kufichwa Hanslope Park, Uingereza. Mafaili hayo yalikuwa yameandika mateso ambayo serikali hiyo hiyo ilikuwa imeyakana kwa nusu karne. Juni 2013 waziri wa mambo ya nje William Hague alitangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Ukigawanya, kila mmoja alipata pesa kidogo kuliko alizostahili. Ila kwa mara ya kwanza dola iliyotesa ilisomewa maandishi yake yenyewe.

Uhuru ulibadilisha maofisa, haukubadilisha mfumo. Bernard Hinga alikuwa kamishna wa polisi wa kwanza Mwafrika, na kikosi cha GSU, kilichoundwa wakati wa ukoloni kuzima machafuko, kiliendelea na kazi ile ile, hata wananchi wakakipachika jina la Fanya Fujo Uone. Kaskazini mwa nchi, baada ya vita vya Shifta dhidi ya waliotaka kujitenga, Bunge lilipitisha mwaka 1970 Sheria ya Kinga iliyozuia kesi dhidi ya maofisa kwa matendo ya kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Ni msamaha wa Baring uliovaa nguo za Kenya huru. Kisumu, Oktoba 1969, umati ulimiminiwa risasi wakati wa ufunguzi wa hospitali mpya. Mbunge J. M. Kariuki alipouawa Machi 1975, kamati ya Bunge ilithubutu kuandika ripoti iliyowataja maofisa wa ngazi za juu wa polisi. Ripoti ikapitishwa, na kesi haikufuata.

Miaka ya 1980 kalamu ilihamia mikononi mwa mshukiwa, akaandika akiwa amesimama katika maji usiku kucha. Katika vyumba vya chini ya Nyayo House watu walioshukiwa kuwa wa kundi la siri la Mwakenya waliteswa hadi wakakiri, kisha wakafikishwa mahakamani, mara nyingine baada ya saa za kazi, wakahukumiwa kwa ungamo lao wenyewe. Mwaka 1988 Bunge lilibadilisha Katiba ili polisi waweze kumshikilia mshukiwa wa kosa la kunyongwa kwa siku 14 kabla ya kumfikisha kortini. Siku 14 zatosha majeraha kupona na hadithi kupangwa. Kwa hiyo mabadiliko ya sheria ya mwaka 2003, yaliyofanya ungamo la kituo cha polisi lisikubalike mahakamani, nayahesabu kuwa miongoni mwa mageuzi makubwa kabisa ya haki ya jinai nchini, ingawa hayakushangiliwa barabarani. Yaliondoa sababu kuu ya kumpiga mtu seli. Baadaye mlango huo ulifunguliwa kidogo kwa maofisa wa vyeo vya juu, ila haujarudi ulivyokuwa.

Vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilileta Tume ya Jaji Philip Waki. Watu hukumbuka bahasha ya majina ya washukiwa aliyomkabidhi msuluhishi Kofi Annan, lakini mimi hurudi kwenye takwimu zake. Tume haikutosheka na taarifa za polisi. Ilikusanya kumbukumbu za hospitali. Kati ya watu 1,133 waliokufa, 405 waliuawa kwa risasi. Washambuliaji wengi wa vijijini walibeba mapanga, mishale na rungu, kwa hiyo hesabu hiyo iliwaelekezea kidole wenye bunduki za serikali. Kwa mara ya kwanza taifa lilikuwa na idadi ambayo polisi hawakuiandika.

Mageuzi yaliyofuata yalitokana kwa sehemu kubwa na ripoti hiyo na ile ya jopo la Jaji Philip Ransley ya mwaka 2009. Katiba ya Agosti 2010 ililiita lile jeshi huduma, ikamlinda Inspekta Jenerali, mkuu wa polisi, asiamrishwe amchunguze au amwache nani, na ikaunda tume ya kuajiri na kuadhibu maofisa. Mwaka 2011 ikapitishwa sheria ya IPOA, mamlaka ya raia inayochunguza polisi. Kipengele ninachokithamini zaidi ni kile kinachomlazimu polisi kuiarifu IPOA kila kifo na kila jeraha baya linalotokana na kazi yake. Sheria haingoji familia ilalamike. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwafunga maofisa wawili miaka 7 kwa kumuua msichana wa miaka 14 katika Kaunti ya Kwale, hukumu ya kwanza iliyotokana na uchunguzi wa IPOA.

Mwaka huo huo likatokea jambo lililoonyesha hatari ya kulalamika. Willie Kimani, wakili wa haki za binadamu, alikuwa akimtetea mwendeshaji pikipiki aliyepigwa risasi na polisi na ambaye alikuwa amepeleka malalamiko IPOA. Juni 2016, baada ya kutoka katika mahakama ya Mavoko, wakili, mteja wake na dereva wa teksi walitekwa na kufungiwa katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau. Kutoka seli hiyo Kimani alirusha nje kipande cha karatasi ya chooni chenye ujumbe, mpita njia akakiokota, na simu ikapigwa. Haikuwaokoa, miili yao ilitolewa mtoni huko Ol Donyo Sabuk. Hata hivyo karatasi ile ikawa kielelezo mahakamani. Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani maofisa watatu na raia mmoja, na Februari 2023 mmoja wa maofisa hao akahukumiwa kifo. Hakuna kitabu cha matukio kilichoandikwa kwamba watu hao watatu walikuwa mle. Ushahidi kwamba walikuwamo uliandikwa na mfungwa mwenyewe.

Lawama inayotupiwa IPOA mara nyingi ni kwamba hukumu zake ni chache. Ni chache kweli, na familia zina haki ya kukasirika. Lakini anayetaka kuelewa sababu aangalie jinsi faili linavyoanza. Polisi ndio hufika kwanza mahali pa tukio, ndio huokota maganda ya risasi, ndio hushikilia rejista ya silaha. IPOA haina uwezo wa kushtaki. Hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mashahidi wengi huishi mtaa mmoja na mshukiwa. Katika Mathare, Dandora na Kayole vijana wa vituo vya haki ya kijamii, pamoja na akina mama waliofiwa, wameanza kutunza orodha zao wenyewe: jina, tarehe, mahali, nani aliona. Watafiti wa kesho watazihitaji orodha hizo kama sisi tunavyohitaji zile za 1922 ambazo hazikutunzwa.

Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay na kusafirishwa hadi Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi, ambako alifikwa na mauti. Polisi walisema amejigonga kichwa ukutani. Ndani ya siku chache upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa na alama za kupigwa mwilini, na ukuta ukafutika kama maji ya Hola yalivyofutika. Safari hii mambo yalikwenda mbele zaidi: IPOA iliingia kituoni, naibu wa Inspekta Jenerali akakaa kando, na maofisa wakafikishwa mahakamani. Bila daktari aliyesema wazi alichokiona mezani, sidhani tungefika hapo.

Ndiyo sababu naona sheria muhimu kuliko zote ni ile ambayo karibu hakuna anayeizungumzia. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo. Inaunda ofisi huru ya kuchunguza vifo vya ghafla, vya kutiliwa shaka na vya walio mikononi mwa dola, yenye wataalamu wake na mamlaka yake ya kuchunguza maiti. Miaka mingi imepita na huduma hiyo haijaanza kazi. Kinachotumika ni utaratibu wa zamani wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ambao humwachia ofisa wa polisi kazi ya kuchunguza kifo na kumwandikia hakimu ripoti. Wabunge hupitisha bajeti kila Juni. Fungu la huduma hii linaweza kuwekwa humo, na kamati ya usalama inaweza kuulizwa kwa nini halimo.