Daraja la mtu mmoja

Wazee wa Tukuyu hawahitaji kuelezwa kupanda na kushuka ni nini. Banyambala wao, Tukuyu Stars, walitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1986, kisha wakaporomoka. Iringa nako Lipuli ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2019. Mwaka uliofuata ikashuka daraja. Sasa mzigo huo mbebeshe mtu mmoja, mwenye kilo 150, akiwa na mkanda tu kiunoni. Hiyo ndiyo kazi ya sumo kule Japani.

Kazi yenyewe ni ya zamani: mwaka 1791 mabingwa Tanikaze na Onogawa walipigana mieleka mbele ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani. Tangu 1958 kuna mashindano 6 kwa mwaka, na baada ya kila shindano vyeo hupangwa upya. Madaraja ni 6 pia. Wanasumo wako takriban 600, lakini wenye mshahara ni 70 tu, wa madaraja mawili ya juu. Wa 70 hulipwa zaidi ya yen milioni moja kwa mwezi. Wa 71? Hana mshahara, ana posho ya shindano na ubwabwa wa kambini. Anaamka alfajiri, anafanya mazoezi na njaa yake, anapika, anawasugua wakubwa migongo bafuni, kisha anangoja washibe ndipo naye ajipakulie mchuzi wa chanko uliobaki. Hata kuhama kambi akaishi na mke haruhusiwi. Mimi nisingemaliza wiki.

Mwanya huo wa mshahara ulizaa rushwa. Mwaka 2011 ujumbe wa simu ulifichua kwamba wanasumo, wengi wa daraja la pili, walikuwa wakiuziana ushindi wasishuke. Shindano la Machi likafutwa.

Afrika nayo imepita kwenye sumo. Mmisri Osunaarashi alifika daraja la juu Novemba 2013. Julai ya mwaka huohuo, akiwa daraja la pili, alishinda mapambano 10 kati ya 15 huku amefunga Ramadhani.

Lakini wa kumweleza Mnyakyusa wa Tukuyu ni Terunofuji kutoka Mongolia. Alikuwa ozeki, cheo cha pili kwa ukubwa, mwaka 2015. Magoti na kisukari vikamwangusha hadi Machi 2019 akajikuta daraja la tano, akisukumana asubuhi na vijana wanafunzi mbele ya viti vitupu. Hakurudi kwao. Julai 2020 alibeba ubingwa wa daraja la juu, na mwaka mmoja baadaye akawa yokozuna, cheo cha juu kabisa, wa 73.

Yokozuna hashuki. Akilemewa, mlango uliobaki ni wa kustaafu. Januari 2025 magoti yaleyale yalimpeleka mlangoni.