Darasa la Watoto Wenye Usonji
Usonji ulikuwako kabla ya kupewa jina. Mwaka 1943 tabibu Leo Kanner, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hiyo. Walakini huku Kisii, kama penginepo, wako waliosema mtoto wa namna hiyo amerogwa, na mama yake akabeba lawama. Basi tazama, msomaji, ni nani walioanza kuibadili hali hiyo: wazazi wenyewe! Mwaka 2003 waliunda Chama cha Usonji cha Kenya, na kwa kushirikiana na serikali wakapata darasa katika Shule ya Msingi ya City, Nairobi. Lakini mzazi wa Masimba hawezi kwenda Nairobi kila asubuhi. Yeye huanzia kwenye vituo vya serikali vya upimaji, vilivyoanzishwa mwaka 1984. Huko mtoto hupimwa, kisha mzazi huelekezwa shule ya kumfaa.