Mrejesho humfaa mwanafunzi wa Tana River kuliko alama tupu

TATHMINI ni kipimo cha mafunzo, wala si hukumu juu ya mwanafunzi. Mwalimu anayeandika 12 kwa 40 juu ya insha na kulirudisha daftari bila neno jingine humpa mwanafunzi habari, lakini hamwonyeshi njia.

Njia hiyo inahitajika mno katika shule za upili za Garsen na kwingineko katika Kaunti ya Tana River. Mto Tana ufurikapo, barabara hukatika na masomo husimama. Mwaka 2024, mafuriko yaliilazimu serikali kuahirisha ufunguzi wa shule kote nchini hadi Mei 13. Kiangazi nacho huzihamisha baadhi ya familia za wafugaji kutafuta malisho. Darasa likutanapo tena, wanafunzi huwa hawajafika mahali pamoja katika silabasi.

Kwa hivyo, mwalimu asikimbilie mada mpya. Aanze na jaribio fupi la maswali matano au sita, ambalo alama zake haziingii katika ripoti, ili ajue pengo liko wapi.

Pili, atafute chanzo cha kosa. Kipokomo ni lugha ya Kibantu yenye ngeli kama Kiswahili. Kiorma ni lugha ya Kikushi, nacho hakina ngeli za aina hiyo. Wanafunzi wawili wanaweza kuandika "mto imefurika" kwa sababu tofauti: mmoja kwa pupa tu, mwingine kwa kutozoea kiambishi cha kitenzi kinachofuata ngeli ya nomino. Alama nyekundu haiwatofautishi. Swali huwatofautisha: "Wingi wa mto ni upi, na kitenzi kitabadilikaje?"

Tatu, mrejesho uwe wa mapema na mahususi. Makosa mawili yaliyoelezwa vyema hufaa kuliko ishirini yaliyopigwa mstari. Kisha mwanafunzi aiandike upya aya hiyo; asipoitumia nasaha aliyopewa, imepotea bure.

Darasa likiwa kubwa, wanafunzi wasahihishane wawili wawili kwa mwongozo wa mwalimu. Katika eneo hili, ambako mapigano ya 2012 na 2013 yaliua zaidi ya watu 100, kumketisha Mpokomo na Mworma kwenye daftari moja huwafunza pia kukosoana bila kudharauliana.

Mtihani wa kitaifa haupuuzwi kwa kufanya hivyo. Katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya KCSE, sehemu ya matumizi ya lugha pekee hubeba alama 40 kati ya 80. Mtihani huo umepangiwa kufanywa mara ya mwisho mwaka 2027. Katika mtaala wa umilisi, tathmini ya shuleni ilichangia asilimia 20 ya matokeo ya Gredi 9 ya mwaka 2025.

Mwalimu anayesubiri mtihani wa mwisho ndipo agundue pengo amechelewa. Mto hauzuiwi ukiisha kuvunja kingo.